Kununua SUV ya Kwanza kwa Bajeti ya Kawaida: Uanzie Wapi na Ukague Nini

Watu wengi wanaonunua SUV yao ya kwanza hapa Tanzania huanza na jina la gari. Mtu ameiona Harrier ya jirani au Forester ya mfanyakazi mwenzake, ameipenda, akakusanya fedha mpaka zikafikia bei yake, na siku anapokabidhiwa funguo akaunti inabaki tupu. Baada ya miezi michache gari linalala nyumbani kwa sababu ya shokapu mbili na bushi, vitu ambavyo vingebadilishwa ndani ya siku moja kama fedha ingekuwepo. Ushauri wangu ni kufuata mpangilio mwingine: itangulie barabara unayopita kila siku, zifuate fedha zitakazobaki baada ya kununua, na jina la gari lije mwisho. Ninamlenga zaidi mnunuzi wa Tanzania Bara anayetafuta gari lililotumika, kwa sababu ndilo gari linalonunuliwa na wengi wetu na ndilo lenye mitego mingi.

Barabara yako ndiyo inayochagua

Piga hesabu ya safari zako za kawaida, usihesabu safari ya sikukuu ya kwenda kijijini mara moja kwa mwaka. Mkazi wa Goba au Kigamboni ambaye anaendesha kilomita mbili za vumbi na mashimo kabla ya kufika kwenye lami hahitaji gari linalosukumwa na matairi yote manne. Anahitaji uvungu wa kutosha (nafasi kati ya chini ya gari na barabara), shokapu imara na matairi yenye ukuta mnene. Toyota Rush, kwa mfano, ina uvungu wa milimita 200 hivi, wakati magari mengi madogo ya kawaida yako karibu na milimita 150, na tofauti hiyo ya sentimita tano ndiyo inayoamua kama sampo, bakuli la oili lililo chini ya injini, itagonga jiwe au itapita salama.

Mambo hubadilika kwa mtu anayeishi Lushoto, Makete au kwenye miteremko ya Uluguru, ambako masika hugeuza udongo mwekundu kuwa utelezi usiochagua dereva hodari. Huyo anahitaji matairi yote manne yasukume, na ni vizuri aelewe kwamba mifumo hiyo haifanani. Katika RAV4 za kuanzia mwishoni mwa 2005 na X-Trail, gari kwa kawaida husukumwa na matairi ya mbele, na nguvu hupelekwa nyuma pale ambapo ya mbele yameanza kuteleza. Subaru Forester hugawa nguvu mbele na nyuma wakati wote. Suzuki Escudo ya kuanzia 2005, ambayo masoko mengine huiita Grand Vitara, inakwenda mbali zaidi, kwani matoleo yake mengi yana gia ya chini iliyoandikwa 4L, ambayo hulipa gari nguvu ya kupanda polepole bila kuichosha giaboksi. Rush nayo hutoka kwa namna mbili: ile ya matairi manne ina kitufe cha kufunga difu ya kati (gia zinazogawa nguvu kati ya mbele na nyuma), lakini ile ya matairi mawili husukumwa na matairi ya nyuma, na ikiwa haina mzigo huteleza kwenye tope mapema kuliko mnunuzi alivyotarajia.

Kama huhitaji matairi manne, usiyalipie. Propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma), difu ya nyuma na jointi zake ni uzito unaobebwa kila siku, ni mafuta ya ziada, na ni vipuri vya ziada vinavyoweza kuharibika. Kuna sharti jingine ambalo wauzaji hawalitaji kamwe: gari la namna hiyo linataka matairi yote manne yawe ya saizi moja na yaliyolika kwa kiasi kinachokaribiana, kwa sababu tofauti ya mzunguko kati ya mbele na nyuma hulazimisha difu na klachi za kugawa nguvu kufanya kazi hata kwenye lami iliyonyooka. Ukipasukiwa na tairi moja, mara nyingi utajikuta unanunua mawili au manne.

Fedha: bei, kodi na kile kinachobaki

Kama umeweka akiba ya shilingi milioni 25, tafuta gari la milioni 20. Hiyo moja ya tano inayobaki si ya anasa: kuna servisi ya kwanza, kuna matairi, kuna bima, kuna gharama za kuhamisha umiliki, na karibu kila gari lililotumika lina kasoro moja au mbili zitakazojitokeza ndani ya miezi mitatu. Mtu asiyeweza kubakisha kiasi hicho angefaa kushuka ngazi moja ya gari kuliko kununua la juu na kulitunza kwa kubahatisha.

Halafu angalia mafuta. Tuseme unaendesha kilomita 40 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, yaani kilomita 1,040. Gari linalokwenda kilomita 8 kwa lita litakula lita 130, na linalokwenda kilomita 12 kwa lita litakula lita 87. Zidisha hizo lita 43 za tofauti kwa bei inayotangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kisha zidisha kwa miezi 12, na utaona kwa nini ukubwa wa injini ni jambo la kuamuliwa kwa kalamu na karatasi. Takwimu za matumizi zilizoandikwa na kiwanda zisikudanganye, kwa sababu foleni ya Ubungo au ya Mwenge haikuwemo katika vipimo hivyo. Muulize mtu anayeliendesha gari kama hilo mjini kwako.

Kwa anayeagiza kutoka Japani, ukubwa wa injini na umri wa gari huingia pia katika kodi, na hapa ndipo bei nafuu ya mtandaoni hupotea. Muundo uliozoeleka Tanzania Bara ni ushuru wa forodha wa asilimia 25 ya thamani ya gari pamoja na usafiri na bima, kisha ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya sisi (cc) 1000 hadi 2000 au asilimia 10 kwa inayozidi sisi 2000, kisha ushuru wa uchakavu wa asilimia 15 kwa gari la kuanzia miaka 8 hadi 10 au asilimia 30 kwa lililozidi miaka 10, na juu ya jumla hiyo VAT ya asilimia 18. Chukua gari ambalo TRA (Mamlaka ya Mapato) imelithamini kuwa shilingi milioni 10. Kama lina sisi 2400 na limezidi miaka 10, ushuru wa forodha ni milioni 2.5, wa bidhaa milioni 1.25, wa uchakavu milioni 3.75, na VAT milioni 3.15, jumla ni milioni 10.65, zaidi ya thamani ya gari lenyewe. Kama lina sisi 1500 na halijafikisha miaka 8, hesabu hiyohiyo inatoa takriban milioni 5.5. Tozo ndogo kama ile ya reli huongezwa juu yake, na viwango vinaweza kubadilishwa na bajeti inayoanza kutumika kila tarehe 1 Julai, kwa hiyo usilipe chochote Japani kabla ya kuingiza aina ya gari, mwaka na injini kwenye kikokotoo cha magari yaliyotumika kilichopo katika tovuti ya TRA. Kumbuka kwamba TRA hutumia thamani iliyo kwenye mfumo wake; kupata gari kwa bei ya kutupa mnadani hakupunguzi kodi.

Msomaji wa Kenya ana hesabu tofauti, kwa kuwa huko gari lililotumika haliruhusiwi kuingia likiwa limezidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. RAV4 ya 2005 atakayoiona Nairobi au Mombasa imeshaishi Kenya miaka mingi, na ukaguzi wake uzingatie hivyo.

Magari yenyewe

Kwa bajeti ndogo kabisa, Rush ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu wa mjini mwenye kipande cha barabara mbovu. Ile ya Japani ilitengenezwa kuanzia 2006 hadi 2016, injini yake ni ya sisi 1500, ni ndugu wa Daihatsu Be-Go na Terios, na mafundi wa kila mtaa wanaifahamu. Viti vya nyuma ni vya kawaida na kwenye barabara kuu kelele husikika ndani, lakini hayo si magonjwa.

RAV4 ya kizazi cha pili, ya 2000 hadi 2005, bado inatafutwa sana. Nyingi zilizotoka Japani zina injini ya sisi 2000 iitwayo D-4, ambayo hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda; ni injini inayotaka petroli safi na fundi anayeielewa, na ikianza kusitasita au kuzimika ukiwa umesimama kwenye taa nyekundu za barabarani, matengenezo yake si ya kubahatisha. Zile zenye injini ya sisi 1800 ni tulivu zaidi, ila zinasukumwa na matairi mawili tu. Kizazi cha tatu, kilichoanza mwishoni mwa 2005, ni gari kubwa zaidi na lenye injini ya lita 2.4, ileile iliyomo katika Vanguard, Kluger ya lita 2.4 na Harrier ya lita 2.4 ya kizazi kilichoanza 2003. Injini hiyo ya 2AZ ina nguvu nzuri na vipuri vyake vimejaa Kariakoo, lakini ina mambo mawili ya kupimwa kabla ya kuinunua: baadhi hula oili kati ya servisi moja na nyingine, na zile za miaka ya mwanzo zinaweza kulegeza nyuzi za bolti za silinda hedi, maji yakaanza kuvuja upande wa nyuma wa injini ambako jicho halifiki kwa urahisi. Ukikuta madoa makavu ya maji ya rejeta sehemu hiyo, usiendelee na mazungumzo ya bei.

Nissan X-Trail ni nafuu kwa sababu soko letu linaiogopa, na hofu hiyo ina msingi kidogo na uvumi mwingi. Ya kizazi cha pili, iliyoanza 2007, kwa sehemu kubwa ina giaboksi ya CVT, ambayo haina gia za hatua kama otomatiki ya zamani bali mkanda wa chuma unaopanda na kushuka kwenye puli mbili. Giaboksi hiyo hudumu ikiwekewa mafuta yake maalumu na hufa ikiwekewa mafuta ya giaboksi ya kawaida, na nyingi zilizokufa hapa nchini zimeuliwa hivyo. Ukilipata lililokuwa na mmiliki mmoja tu, anayeweza kukuonyesha risiti za mafuta sahihi, X-Trail ni gari pana na la starehe kwa fedha hiyo.

Forester inapendeza barabarani kuliko zote nilizotaja, na ninaelewa kwa nini vijana wanaitaka. Injini zake za zamani za familia ya EJ hutumia mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa kwa wakati, na zile za sisi 2500 zinajulikana kwa kuvujisha gasketi ya hedi. Za familia ya FB, zilizoanza 2010, zinatumia cheni. Yenye tabo (turbo) kwa gari la kwanza siishauri. Escudo ni chaguo la mtu wa barabara mbaya kweli, kwa sababu ya fremu iliyojengwa ndani ya bodi na gia ya chini, na mwenye kuichagua akubali kwamba mjini itakunywa mafuta kiasi. Harrier niiseme kwa ufupi: kuna Harrier nyingi nzuri na kuna nyingi zaidi zilizong'arishwa kwa ajili ya picha, na umaarufu wake unaifanya bei iwe juu ya hali yake halisi.

Kabla ya kuamua, fanya jaribio moja rahisi. Nenda Gerezani, Kariakoo, au duka la spea la mjini kwako, ukaulize bei ya vitu vitano vya gari unalolitaka: shokapu za mbele, bushi za wishboni, brekipadi, rejeta na taa ya mbele. Uliza orijino, uliza na mbadala. Kama muuzaji anakuambia uagize na usubiri, umepata jibu lako.

Kuagiza, yadi au mkononi kwa mtu

Kuagiza Japani kunakupa gari ambalo halijapita kwenye mashimo yetu, ila unalipa bila kuliona. Kinga yako kubwa ni karatasi ya mnada. Magari mengi huko hupitia minadani, ambako mkaguzi asiye muuzaji huandika daraja: 4 na 4.5 ni hali nzuri, 3.5 ina mikwaruzo na uchakavu wa kawaida, na R au RA maana yake limewahi kupata ajali likatengenezwa. Kwenye mchoro wa gari herufi A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, S ni kutu, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Omba karatasi hiyo yenyewe, si tafsiri ya muuzaji. Omba pia nakala ya cheti cha kulifuta gari katika usajili wa Japani, kwa kuwa huonyesha kilomita zilizosomwa katika ukaguzi wa mwisho wa huko. Namba hiyo ikiwa kubwa kuliko ya dashibodi, kilomita zimerudishwa nyuma. Malipo yaende kwenye akaunti ya benki yenye jina lilelile lililo kwenye ankara, kamwe yasiende kwa mtu binafsi, na uangalie kama kampuni ni mwanachama wa JUMVEA, chama cha wauzaji wa magari yaliyotumika wa Japani. Wakala wa forodha mtafute meli ikiwa bado baharini, kwa sababu gari likichelewa kutolewa bandarini tozo za kulihifadhi huanza kuhesabiwa.

Yadi inakupa nafasi ya kuligusa gari, na bei yake imeshameza kodi. Gari la mkononi kwa mtu ndilo la bei ya chini kuliko yote, na ndilo lenye historia unayoweza kuifuatilia. Hapa watu hutazama herufi ya namba, wakasema hili ni namba D, lile ni namba E. Herufi hiyo hueleza lini gari lilisajiliwa Tanzania, haielezi lilitengenezwa lini, hivyo gari la namba E linaweza kuwa kuukuu kuliko la namba D lililotunzwa vizuri. Dalali ana kazi yake, na wapo waaminifu, ila mtake akukutanishe na mwenye gari ana kwa ana kabla ya kutaja bei, ili ujue cha juu anachojiongezea ni kiasi gani.

Siku ya ukaguzi

Mtafute fundi wako mwenyewe, anayeijua aina hiyo ya gari, umlipe wewe na mkubaliane mapema kwamba malipo yake hayategemei kama utanunua. Mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hamjafika, kisha ukifika weka kiganja juu ya boneti. Likiwa na joto, limewashwa ili kuficha jinsi linavyoamka, na mna haki ya kurudi kesho asubuhi.

Injini ikiwa bado baridi, fungua kifuniko cha rejeta na uangalie maji: yakiwa na rangi ya kutu, gari limekuwa likinyweshwa maji ya bomba badala ya kulanti, yakiwa na utando wa oili, gasketi ya hedi ina shaka. Fungua kifuniko cha oili uangalie chini yake, kwani ute wenye rangi ya maziwa ni dalili ileile kutoka upande wa pili. Vuta kijiti cha oili, na kwa giaboksi ya otomatiki yenye kijiti vuta nacho, unuse. Harufu ya kuungua hapo haiondoki kwa kubadilisha mafuta.

Kabla ya kuwasha, zungusha ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, uzitazame moja moja. Taa ya injini, ya oili, ya betri, ya ABS na ya mifuko ya hewa zote ziwake, kisha zizime baada ya gari kuwaka. Taa ambayo haikuwaka kabisa inatia shaka kuliko ile iliyobaki inawaka, kwa sababu inawezekana imekatwa ili usiione. Fundi alipime gari kwa kompyuta mara mbili, kabla ya kuliendesha na baada ya kurudi, kwa kuwa makosa yaliyofutwa asubuhi hiyo yanaweza kurudi barabarani.

Sikiliza uwashaji. Mlio wa cheni wa sekunde moja unavumilika, mlio unaoendelea hauvumiliki. Mwombe mtu akanyage mafuta huku ukiangalia ekzosi: moshi wa buluu ni oili inayoungua, na moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikishapata moto ni maji yanayoingia ndani ya silinda.

Kwenye bodi, simama mbele ya gari kwa pembe, jua likiwa limeinama, na utazame mstari wa milango toka mwanzo hadi mwisho. Paneli iliyonyooshwa huonyesha mawimbi ambayo ukiwa umesimama ubavuni hayaonekani. Angalia vichwa vya bolti zinazoshika boneti na fenda za mbele: rangi iliyobanduka kwenye pembe zake inaonyesha spana imeshapita hapo. Vuta mkanda wa kiti cha dereva hadi mwisho wake, kwani gari lililowahi kuzama kwenye mafuriko huoshwa viti na zulia, lakini tope na mstari wa maji hubaki kwenye sehemu ya mkanda ambayo huwa imekunjwa ndani. Angalia pia reli za viti kama zina kutu. Kuhusu kilomita, linganisha namba ya dashibodi na mpira wa pedeli ya breki, ngozi ya usukani na ubavu wa kiti cha dereva upande wa mlango. Gari la kilomita 70,000 halina pedeli iliyolika hadi chuma.

Tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo wa DOT ubavuni mwa tairi hueleza wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata (meno ya tairi) nzuri na umri wa miaka minane ni la kubadilisha, na gharama yake iingie kwenye majadiliano ya bei.

Kisha liendeshe, na ulipeleke mahali penye mashimo, kwenye mlima na kwenye lami nzuri. Katika uwanja mpana, kata usukani wote upande mmoja na uende taratibu. Mlio wa kak-kak-kak kutoka mbele ni jointi zilizokwisha, na ukichungulia chini huenda ukakuta raba zake zimepasuka na grisi imetapakaa ndani ya rimu. Gari likigonga kwa sauti nzito linapovuka tuta, shokapu au bushi zimechoka. Giaboksi ya kawaida ibadilishe gia bila kushtua, na ya CVT isitetemeke wakati wa kuanza kuondoka wala kupandisha mlio wa injini bila mwendo kuongezeka. Kama gari ni la matairi manne, tafuta vumbi laini au mchanga ubonyeze kitufe cha 4WD au cha LOCK, uone taa inawaka na matairi ya nyuma yanashika kweli, kwa sababu wapo wanaouza gari ambalo propela yake imeshavuliwa. Mwisho, simama, liache lingurume dakika ishirini likiwa na kiyoyozi kimewashwa, na uangalie kipimo cha joto. Katika joto la Dar es Salaam hilo ni jaribio gumu la haki, na feni au rejeta dhaifu hujitokeza hapo.

Karatasi na umiliki

Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bodi isomwe na ilinganishwe na ya kadi, tarakimu kwa tarakimu. Namba ya injini vilevile. Ikiwa anayeuza si mwenye jina kwenye kadi, usikubali maelezo ya mdomo kwamba mwenyewe yuko safarini. Apatikane, au pawe na idhini ya maandishi iliyothibitishwa na wakili. Kadi ikiwa nakala, uliza orijino iko wapi, kwa kuwa huenda imeshikiliwa na benki kama dhamana ya mkopo. Kwa kutumia namba ya gari, angalia faini za polisi wa usalama barabarani na madeni ya maegesho, na yalipwe na muuzaji kabla ya siku ya malipo.

Mkataba wa mauziano usainiwe mbele ya wakili, ukiwa na namba ya chesisi, bei halisi, tarehe na hata saa ya makabidhiano, kwa sababu makosa ya barabarani ya kabla ya saa hiyo si yako. Fedha ziende benki, si mfukoni. Kisha uhamishe umiliki TRA mapema, ukiwa na TIN (namba ya mlipakodi) na kitambulisho cha taifa. Wapo wanaokaa na kadi ya jina la mtu mwingine kwa miaka ili kukwepa gharama za kuhamisha, na siku mwenye jina akifariki, gari huingia kwenye mirathi ambayo hawana nafasi ndani yake.

Mwezi wa kwanza

Usiamini kibandiko cha servisi kilichobandikwa kwenye kioo. Badilisha oili ya injini na filta yake, filta ya hewa, maji ya rejeta kwa kulanti sahihi, na mafuta ya breki. Kama ni injini ya mkanda wa taimingi na hakuna risiti inayoonyesha ulibadilishwa lini, ubadilishe pamoja na pampu ya maji. Andika kilomita za siku hiyo, na baada ya kilomita elfu moja vuta kijiti cha oili uone kimeshuka kiasi gani, hasa kwa hizo injini za 2AZ. Mafuta ya giaboksi yabadilishwe kwa aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na ununue duka unaloliamini, kwani makopo ya mafuta feki yanafanana mno na ya kweli. Fundi akimaliza, muulize mahususi kuhusu difu ya nyuma na boksi la kugawa nguvu: mafuta ya sehemu hizo mbili husahaulika katika SUV nyingi mpaka siku zinapoanza kuvuma, na kuyabadilisha yote ni kazi isiyozidi saa moja gari likiwa tayari limenyanyuliwa.